Kama wote tuna akili, kwa nini sinki limejaa? Naomba mwongozo wa nadharia ya michezo

Mwanzo_Mpya

Wakuu, habari zenu.

Ninaishi na wenzangu wawili nyumba moja, jiko moja, sinki moja. Wote ni watu wazima, wote wana kazi, na ukikaa nao kuongea utawapenda. Lakini vyombo vinalala kwenye sinki siku tatu, siku nne, mpaka mmoja wetu akose kikombe cha kunywea maji. Hapo anaosha kikombe kimoja, cha kwake, anaondoka. Na mimi nimefanya hivyo zaidi ya mara moja.

Rafiki yangu anayesoma uchumi akaniambia shida yetu ina jina, inaitwa mtanziko wa wafungwa, na imo ndani ya somo linaloitwa nadharia ya michezo. Nikaanza kulisoma usiku. Nikachora jedwali langu nikiwaza kwanza kama tungekuwa wawili tu, nikajipa alama za kuridhika (yangu kwanza, ya mwenzangu pili):

Naosha, naye anaosha: 3 na 3
Naosha, yeye haoshi: 0 na 5
Sioshi, yeye anaosha: 5 na 0
Sioshi, naye haoshi: 1 na 1

Nimelitazama jedwali hili muda mrefu. Mwenzangu akiosha, mimi nikiacha napata 5 badala ya 3. Asipoosha, mimi nikiacha napata 1 badala ya 0. Vyovyote atakavyofanya, kwangu kuacha ni bora. Naye anapiga hesabu hiyohiyo. Basi tunaishia kwenye 1 na 1 ilhali 3 na 3 ilikuwapo, wazi kabisa, tunaiona wote. Limeninyima usingizi, maana nimetafuta kosa la hesabu na sijaliona.

Naomba kuuliza. Je, nadharia hii inathibitisha kwamba ubinafsi ndiyo akili? Kama ni hivyo sitaki kuendelea nayo. Halafu huo "msawazo wa Nash" unaotajwa kila mahali ni nini kwa lugha ya kawaida, na kwa nini wengine wanasema kuna wakati jibu sahihi ni kubahatisha? Na je, kuna mtu anayeitumia kazini, nje ya darasa?

Hesabu yangu ni ya sekondari tu, lakini nina subira ya kufuata.

---

Kipa_Mstaafu

Mkuu, karibu sana. Nimekaa langoni miaka 11, ligi za chini, na somo hili nililijua mwilini kabla sijalisoma kitabuni. Sasa nafundisha hesabu. Nitaanza na swali lako la ubinafsi kwa sababu ndilo lililokunyima usingizi.

Kosa la hesabu hukuliona kwa sababu halipo. Lakini angalia zile alama ziliingiaje. Ile 5 ulijipa wewe mwenyewe. Ulihesabu raha ya kukuta vyombo safi bila kushika sponji, ukaishia hapo. Hukuhesabu unavyojisikia ukikutana na mwenzako jikoni akiwa amelowa mikono. Tuseme hisia hiyo inakugharimu alama 3. Ile 5 inashuka kuwa 2. Rudia hesabu: mwenzako akiosha, ukiosha unapata 3, ukiacha unapata 2. Sasa kuosha ni bora. Asipoosha, bado kuacha ni bora kwako, 1 dhidi ya 0. Naye akiwa na hisia kama zako, huo si mtanziko wa wafungwa tena. Ni mchezo mwingine kabisa, wenye sehemu mbili za kutulia: wote mnaosha, au wote mnaacha. Na kinachoamua mtatulia wapi ni kama kila mmoja anamwamini mwenzake. Rousseau alishaueleza mchezo wa namna hiyo mwaka 1755 kwa mfano wa wawindaji wa paa: wakishikamana wanampata paa, lakini sungura akipita karibu na mmoja wao, anaacha nafasi yake na kumkimbilia.

Kwa hiyo nadharia haikwambii upende nini. Inapokea unachopenda, kiwe cha ubinafsi au cha upendo, kisha inauliza: ikiwa matokeo yako yanategemea pia uamuzi wa mwingine, mtafika wapi? Ndiyo maana naiheshimu. Mtu mwenye huruma na mtu asiye nayo wote wanaweza kujikuta wamekwama, na nadharia ndiyo inayokuonyesha wamekwamia wapi.

Kuhusu hao wafungwa: mchezo wenyewe ulibuniwa mwaka 1950 na Merrill Flood na Melvin Dresher, wanahisabati wa shirika la utafiti la RAND huko Marekani. Hadithi ya wafungwa wawili wanaohojiwa vyumba tofauti ilikuja baadaye kidogo mwaka huohuo, ya Albert Tucker, alipokuwa akitafuta namna ya kuwaeleza wanasaikolojia jedwali lile. Na kuna jambo ambalo vitabu vingi vya mwanzo huliruka. Flood na Dresher waliwachukua watu wawili wenye akili nyingi, Armen Alchian na John Williams, wakawachezesha mchezo huo mara 100 mfululizo. Hesabu inasema wote wangesalitiana, yaani wangeacha kushirikiana, kila raundi. Walishirikiana wote wawili katika raundi 60. Lishike hilo, nitalirudia.

Sasa msawazo wa Nash. Mwanahisabati John Nash aliandika tasnifu yake ya udaktari pale Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1950, fupi, haifiki kurasa 30. Wazo lake ni hili: msawazo ni hali ambayo kila mchezaji, akitazama wenzake wanavyofanya, hana faida ya kubadilisha uamuzi wake peke yake. Maneno hayo mawili ya mwisho yabebe popote uendapo. Sinki lenu limejaa kwa sababu hakuna hata mmoja kati yenu anayefaidika akianza kuosha peke yake. Mkibadilika pamoja mnafaidika wote, lakini msawazo haupimwi kwa pamoja. Nash alithibitisha kwamba kila mchezo wenye wachezaji wenye kikomo na machaguo yenye kikomo una angalau msawazo mmoja wa namna hiyo, ilimradi turuhusu watu wachanganye machaguo yao kwa bahati nasibu.

Hapo kwenye bahati nasibu ndipo nilipoishi mimi.

Penalti inapigwa kutoka mita 11. Mpira mkali unafika golini kwa karibu nusu sekunde. Kipa akisubiri aone unakwenda wapi, amechelewa, kwa hiyo anachagua upande wakati uleule mpigaji anachagua wake. Nilikuwa na daftari. Kila mpigaji wa ligi yetu niliandika amepiga wapi. Kulikuwa na mshambuliaji mmoja aliyependa kona ya kulia kwangu, nikamdaka mara mbili. Mara ya tatu akapiga kushoto, polepole kabisa, mimi nimelala upande mwingine nikimtazama. Alikuwa amejifunza kwamba nimejifunza. Nikabadilika, naye akabadilika. Nikakaa usiku nikiuliza: huu mzunguko unaishia wapi?

Jibu lilikuwapo tangu mwaka 1928. Mwanahisabati John von Neumann alithibitisha kwamba katika mchezo wa watu wawili ambao faida ya mmoja ndiyo hasara ya mwingine, yaani mchezo wa jumla sifuri, kuna mahali mzunguko unakoma. Unakoma pale kila mmoja anapochanganya machaguo yake kwa uwiano fulani, bila mpangilio unaoweza kukisiwa.

Mchumi Ignacio Palacios-Huerta alichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa penalti 1,417 za ligi za kulipwa. Kila mpigaji ana upande wake wa asili, ule ambao mguu wake unapiga vizuri zaidi, na upande wake dhaifu. Hivi ndivyo magoli yalivyokuwa kwa kila penalti 100:

Mpigaji upande wa asili, kipa upande huohuo: karibu 70
Mpigaji upande wa asili, kipa upande mwingine: karibu 93
Mpigaji upande dhaifu, kipa upande huohuo: karibu 58
Mpigaji upande dhaifu, kipa upande mwingine: karibu 95

Jiulize kama mpigaji: nipige upande dhaifu mara ngapi? Ukipiga mara chache mno, kipa ataegemea upande wako wa asili. Ukipiga mara nyingi mno, atakufuata huko. Kuna kiwango kimoja tu ambapo kipa, aende huku au aende kule, anafungwa sawasawa. Kwa takwimu hizi kiwango hicho ni karibu 39 katika 100. Chukua kalamu uthibitishe. Kipa akienda upande dhaifu, magoli ni 0.39 mara 58 jumlisha 0.61 mara 93. Akienda upande wa asili, ni 0.39 mara 95 jumlisha 0.61 mara 70. Yote mawili yanakuja karibu na 80. Na wachezaji wenyewe, ambao wengi hawajawahi kusikia jina la von Neumann, walipiga upande dhaifu mara 40 katika 100. Makipa nao walipaswa kwenda upande huo mara 42, na walikwenda mara 42.

Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Miaka 11 nilikuwa najilaumu kwa kila penalti niliyoruka upande usio wake, kumbe kuruka upande usio wake mara kadhaa ndiyo kucheza vizuri.

---

Mpanga_Barabara

Mkuu Kipa ameeleza vizuri. Mimi naongeza sehemu ambayo kazini kwetu inatuumiza, kwa sababu neno "msawazo" linasikika kama kitu kizuri, kitu kilichotulia. Kutulia na kuwa vizuri ni mambo mawili.

Chukua magari 4,000 yanayotoka sehemu moja kwenda nyingine asubuhi. Kuna njia mbili. Njia ya juu inaanza na barabara nyembamba, ambayo dakika zake ni idadi ya magari yaliyomo gawanya kwa 100, kisha barabara pana ya dakika 45 hata yakija magari mangapi. Njia ya chini ni hivyohivyo ila imegeuzwa: pana kwanza, nyembamba baadaye. Magari yanagawanyika yenyewe 2,000 kwa 2,000, kila dereva anatumia dakika 20 na 45, jumla 65.

Sasa serikali inajenga kiungo kifupi katikati, cha haraka kiasi kwamba muda wake tuuhesabu sifuri, kikiunganisha mwisho wa nyembamba ya kwanza na mwanzo wa nyembamba ya pili. Kila dereva anapiga hesabu: nyembamba, hata wakiingia wote 4,000, ni dakika 40. Pana ni 45. Basi nachukua nyembamba zote mbili. Na wote wanafikiri hivyo. Wote wanaingia nyembamba, dakika 40, kisha nyembamba ya pili, dakika 40. Jumla 80. Barabara imeongezwa, safari imerefuka kwa dakika 15 kwa kila mtu. Na hakuna anayeweza kurudi nyuma peke yake, maana akiingia pana atatumia 85.

Mwanahisabati wa Kijerumani Dietrich Braess aliionyesha hali hii mwaka 1968. Mimi nilikutana nayo mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilichora kiungo, nikakipenda, nikakitetea kwenye vikao viwili. Mwenzangu mkubwa akaniomba tu nikipitishe kwenye modeli ya kompyuta kabla ya kikao cha tatu. Muda wa safari ukapanda. Nilirudia mara nne nikidhani nimekosea kuingiza data.

Tangu siku hiyo nikiona watu wanafanya jambo la ajabu kwa pamoja, sianzi kuuliza wana akili au hawana. Nauliza wamewekewa barabara gani. Mkuu Mwanzo, sinki lenu pia litazame hivyo.

---

Zamu_ya_Usiku

Uliuliza kama kuna anayeitumia kazini. Mimi ni muuguzi, wodi ya figo.

Mgonjwa anakuja na mkewe. Mke yuko tayari kutoa figo yake moja, amesharidhia, amelia akamaliza. Vipimo vinasema damu zao haziendani. Nimekuwapo chumbani majibu hayo yakisomwa, na hakuna la kusema. Zamani yalikuwa yanaishia hapo, mgonjwa anarudi kwenye foleni ya figo za waliofariki.

Lakini mahali pengine kuna mgonjwa mwingine na dada yake, nao hawaendani. Na huenda figo ya mke huyu inamfaa mgonjwa yule, na figo ya dada yule inamfaa mgonjwa huyu. Kinachotakiwa ni mtu wa kuwakutanisha, na kanuni ambayo kila hospitali itaona faida kuleta majina yake yote badala ya kuyaficha mengine. Hilo ni swali la nadharia ya michezo tupu. Lloyd Shapley na David Gale walianza hesabu za kuoanisha watu mwaka 1962. Baadaye Alvin Roth, pamoja na Tayfun Sönmez na Utku Ünver, wakaziingiza kwenye figo, na mwaka 2004 ukaanzishwa mpango wa kubadilishana katika majimbo ya New England, Marekani. Roth na Shapley walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Nikuonyeshe mtanziko wako wa sinki ulivyo ndani ya chumba cha upasuaji. Tuseme leo mke anatoa figo kwa mgonjwa wa kule, na kesho dada wa kule atoe kwa mume. Usiku dada akibadili mawazo? Ndugu yake ameshapona. Na hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu kutoa kiungo, wala haipaswi kuwapo. Mke atakuwa ametoa figo yake na mumewe bado yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, na hana tena cha kubadilishana. Kwa hiyo upasuaji wa wote wanne hufanywa kwa wakati mmoja, vyumba vinne, timu nne. Uchovu wake siwezi kuueleza. Lakini unaondoa kabisa ile nafasi ya mtu kusubiri aone mwenzake amefanya nini.

Na kuna namna nyingine. Akitokea mtu anayetoa figo bure, hana mgonjwa wake, mnyororo unaanzia kwake: anampa mgonjwa wa kwanza, ndugu wa mgonjwa wa kwanza anampa wa pili, na kuendelea. Hapa upasuaji unaweza kufanywa siku tofauti. Kwa nini? Kwa sababu kila mgonjwa anapokea kabla ndugu yake hajatoa. Mtu akijitoa katikati, wanaofuata wanahuzunika lakini figo yao bado wanayo, wanaweza kutafuta mbadilishano mwingine. Mpangilio wa nani aanze umebadilisha hatari yote.

Kwa hiyo ukiniuliza kama hii ni hesabu ya ubinafsi, nitakwambia nimeona watu wakitoka wodini kwa miguu yao kwa sababu ya hesabu hii.

---

Mwanzo_Mpya

Nimesoma yote mara mbili. Dada wa zamu ya usiku, asante sana, hilo la vyumba vinne sitalisahau.

Nimekuja na aibu kidogo. Wiki iliyopita, kabla hamjajibu, nilikuwa nimesoma kuhusu mkakati wa nipe nikupe: unaanza kwa wema, halafu unafanya kile mwenzako alichofanya mara iliyopita. Wanasema ulishinda mashindano. Nikaamua kuutumia. Jumatatu na Jumanne nikaosha. Jumatano ilikuwa zamu ya mwenzangu, hakuosha. Alhamisi nami nikaacha. Ijumaa wa tatu akakuta sinki limejaa, akadhani tumemtupia, naye akaacha. Jumamosi ndipo nikagundua kwamba yule wa Jumatano alilazwa kazini na dharura, hakurudi nyumbani kabisa. Mpaka sasa watatu hatuongei vizuri. Nilikosea wapi?

---

Kipa_Mstaafu

Hukukosea kuchagua. Ulikosea mazingira.

Robert Axelrod, profesa wa sayansi ya siasa kule Michigan, aliwaalika wataalamu walete programu za kompyuta zicheze mtanziko wa wafungwa, raundi 200 kwa kila pambano, kwa alama zilezile ulizoandika wewe: 5, 3, 1, 0. Zilikuja programu 14. Iliyoshinda ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote, nipe nikupe, ya Anatol Rapoport. Akatangaza matokeo, akaalika tena, safari hii zikaja 62, zote zikijua ni nani wa kumpiga. Ikashinda tena. Na ajabu yake ni kwamba nipe nikupe haiwezi kumshinda mpinzani wake hata katika pambano moja. Haijawahi kuanza kusaliti, kwa hiyo ndani ya pambano inatoka sare au inapitwa kidogo. Ilishinda kwa jumla kwa sababu ilipata 3 na 3 na watu wengi.

Lakini kwenye kompyuta ile, mwenzako akiacha, ameacha kweli. Nyumbani kwenu kuna ukungu. Mtu analazwa kazini, wewe unaona "hakuosha". Na nipe nikupe mbili zikikutana, kosa moja linatosha: mimi nakulipiza leo, wewe unanilipiza kesho, mimi keshokutwa, bila mwisho, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyeanza. Martin Nowak na Karl Sigmund walilishughulikia hilo mwaka 1992. Dawa ni ukarimu wenye kipimo: wema ulipize kwa wema kila mara, lakini ubaya usamehe mara mojamoja, bila mpangilio wa kukisiwa. Kwa alama zako, kipimo kinatoka theluthi, mara moja katika tatu. Ukisamehe zaidi ya hapo unakuwa wa kuonewa.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Mko watatu. Ulipoacha kuosha Alhamisi, adhabu yako ilimlenga wa Jumatano lakini ikampata wa Ijumaa. Kwenye kitu cha pamoja huwezi kumlipiza mmoja. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza watu wanaotumia pamoja misitu, mifereji ya kumwagilia na maeneo ya uvuvi. Aliona kwamba wanaofaulu kwa muda mrefu wana mambo kadhaa yanayofanana, na mawili yanakuhusu: inaonekana nani amefanya nini, na adhabu inaanza ndogo sana kisha inapanda.

Kwa hiyo msianze na kikao cha kulaumiana. Nunueni vyombo vya rangi tatu. Kila mtu sahani yake, kikombe chake, bakuli lake, rangi yake, na kabati la vyombo vya pamoja lifungwe. Sahani ya bluu ikilala kwenye sinki, kila mtu anajua ni ya nani, na anayekosa sahani kesho ni mwenyewe wa bluu tu. Masufuria yabaki ya pamoja kwa zamu, na anayechelewa aandike ujumbe mfupi kwenye kundi lenu. Ujumbe huo ndio unaoondoa ukungu.

---

Mpanga_Barabara

Vyombo vya rangi ni kuondoa ile barabara ya katikati. Naunga mkono.

---

Mwanzo_Mpya

Wiki tano sasa. Bluu, kijani, nyekundu. Sinki lina masufuria tu, tena mara chache. Wa Jumatano nilimwomba radhi, tumeelewana.

Nina moja la mwisho. Mkataba wa nyumba unaisha na kila mmoja anakwenda kwake. Usafi wa mwisho ni mkubwa: jiko, friji, kuta. Nimepiga hesabu nikianzia mwisho. Siku ya mwisho hakuna kesho ya kulipizana, basi kila mtu ataacha. Kama siku ya mwisho inajulikana itakuwa hivyo, siku inayoitangulia nayo haina cha kulinda. Na ya kabla yake. Hesabu inarudi nyuma mpaka leo. Niwe na wasiwasi?

---

Kipa_Mstaafu

Umefika mwenyewe kwenye njia ya kukokotoa kutoka mwisho, na umeifuata bila kukosea. Kwa hesabu tupu, ndivyo inavyobomoka. Lakini mkumbuke Alchian na Williams. Walijua tangu mwanzo kwamba ni raundi 100, na bado walishirikiana mara 60. Kwa hiyo wiki hizi za katikati usiziogope, endeleeni tu na rangi zenu.

Siku ya mwisho iogope, hiyo ni kweli. Fanyeni kama wodi ya figo, wote kwa wakati mmoja: chagueni Jumamosi moja, watatu mpo ndani, mmoja jiko, mmoja friji, mmoja kuta, na hakuna anayepakia mizigo yake kabla ya hapo. Na kila mmoja aweke amana leo kwa mtu asiyekaa humo, yule rafiki yako wa uchumi anafaa, irudishwe baada ya yeye kuja kukagua. Mkubaliane kiasi kiwe kikubwa kuliko thamani ya kukwepa kusugua friji. Mkikubaliana leo ni rahisi, kwa sababu leo hakuna kati yenu anayejua kama yeye ndiye atakayeshawishika kukwepa.

---

Mwanzo_Mpya

Nimewaonyesha wenzangu. Wa kijani anataka kuta, kwa hiyo mimi nimebaki na friji. Amana tunaweka kesho jioni.